Kabla ya kulipa ada ya udaktari nje ya nchi, jua ni nani atakayekusajili

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa mabanda ya maonesho ya elimu ya juu. Katikati ya mabanda ya vyuo vya hapa nyumbani wamo mawakala wa vyuo vya nje. Mzazi aliyetoka Mbagala au Kimara na karatasi ya matokeo ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, anaondoka na rundo la vipeperushi, na karibu kila kimoja kina picha ya kijana mwenye koti jeupe na maneno kwamba chuo kinatambulika kimataifa. Jioni familia inakaa kikao. India au China? Urusi au Uturuki? Uganda ni karibu, lakini ikoje? Wanalinganisha ada na picha, kisha wanampigia simu shemeji aliyewahi kufika Guangzhou kufuata mzigo.

Kikao hicho huanzia katikati. Swali la nchi na swali la ada yana nafasi yake, ila yanatanguliwa na lingine: miaka sita ikishapita, huyu kijana anataka kutibu wagonjwa wa wapi? Daktari hafanyi kazi kwa cheti cha chuo, anafanya kazi kwa leseni, na leseni hutolewa na baraza la nchi anakotibia. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo sasa linaongozwa na sheria ya mwaka 2017. Zanzibar wana baraza lao. Uingereza ni GMC. India ni NMC, iliyochukua nafasi ya baraza la zamani mwaka 2020. Marekani kila jimbo lina bodi yake. Hakuna baraza hata moja kati ya hayo linalolazimika kukupokea kwa sababu tu chuo chako kina majengo mazuri au kimepanda kwenye orodha fulani ya vyuo bora. Kwa hiyo chaguo linapimwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo: nani atanisajili, anataka nini, na chuo hiki kitanifikisha hapo au la.

Tuanze na hayo maneno ya kwenye vipeperushi, maana yanachanganya mambo manne tofauti na kuyafanya yaonekane kitu kimoja.

La kwanza ni kuorodheshwa. Ipo orodha ya mtandaoni inayoitwa World Directory of Medical Schools, iliyozinduliwa mwaka 2014 kwa kuunganisha orodha mbili za zamani. Inasimamiwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, WFME, pamoja na taasisi ya FAIMER ya Marekani. Unaingia bure, unaandika jina la chuo, unaona. Chuo kisipokuwepo humo, funga mjadala hapohapo. Lakini kuwepo humo maana yake ni kwamba chuo kipo na mamlaka za nchi yake zinakijua, basi. Wenye orodha wenyewe wanasema wazi kwamba kuorodheshwa si kuthibitishwa ubora. Zamani Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa na orodha yake ya vyuo vya udaktari, na ndiyo sababu mpaka leo unasikia kwamba chuo fulani kimeidhinishwa na WHO. WHO haijawahi kuwa na mamlaka ya kuidhinisha chuo chochote cha udaktari. Wakala akikuambia hivyo, umeshajua kiasi cha kumwamini katika mengine.

La pili ni ithibati. Kila nchi ina chombo kinachokagua vyuo vyake: walimu, maabara, hospitali, idadi ya wanafunzi. WFME nayo hukagua vyombo hivyo vinavyokagua. Haikagui chuo kimojakimoja, kwa hiyo anayesema chuo chake kina ithibati ya WFME amechanganya mambo. Jambo hili limepata uzito tangu mwaka 2024, kwa sababu ECFMG, taasisi inayowapitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, sasa inaonesha katika kumbukumbu za mhitimu kama chuo chake kina ithibati kutoka chombo kilichotambuliwa. Sharti hilo lilipotangazwa mwaka 2010 lilikuwa kali zaidi, baadaye likalegezwa na kubaki taarifa tu. Lakini ni taarifa ambayo hospitali ya Marekani inayochagua madaktari wa kuwafundisha inaiona.

La tatu ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Hao ndio wanaosema kama shahada ya nje inalingana na ya hapa. Kabla ya kuondoka unaomba kwao barua ya kutokuwa na pingamizi, ile watu wanayoiita NOC, na ukirudi unapeleka cheti chako kitambuliwe. La nne ni Baraza lenyewe, ambalo halikubali tu kwa sababu TCU imekubali. Wahitimu wa nje hupimwa kwa mtihani wa Baraza kabla ya kuingia mwaka wa utarajali, wakati mwenzao aliyesoma hapa anauendea moja kwa moja. Utarajali ni miezi 12 ya kazi hospitalini chini ya uangalizi, ukizunguka idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na bila huo hakuna usajili kamili.

Hapo kwenye NOC ndipo wengi wanapojikwaa, na kinachoniuma ni kwamba wanajikwaa mapema mno bila kujua. Tuseme binti amepata alama zisizofika kiwango cha kudahiliwa udaktari hapa nchini. Wakala anamwambia asijali, chuo chetu kinampokea, tunaanza na mwaka mmoja wa maandalizi. Chuo kinampokea kweli. Anasoma kwa bidii, anahitimu, anarudi. Ndipo anaulizwa kuhusu sifa alizoingia nazo chuoni. Aliyempokea hakumdanganya kuhusu kudahiliwa, ila kudahiliwa kule hakukuwa na uhusiano wowote na kusajiliwa huku. Mzazi, soma viwango vya chini vya TCU vya mwaka husika, omba NOC kabla ya kutuma hata dola moja, na barua ikikataliwa usitafute njia ya kuizunguka.

Majina ya shahada yasikusumbue sana. MD ya Muhimbili, MBBS ya India na MBChB ya Makerere ni kitu kilekile, shahada ya kwanza ya udaktari. Marekani ndiyo tofauti, kwa kuwa huko MD husomwa baada ya kumaliza shahada nyingine. Ufilipino wanafuata mtindo unaokaribia huo, kwa hiyo ukiuziwa udaktari wa Ufilipino kama kifurushi kimoja, uliza miaka ipi ni ya shahada ya awali na ipi ni ya udaktari wenyewe. Miaka nayo inatofautiana: hapa kwetu mitano na utarajali, India minne na nusu na mwaka wa mazoezi ambao bila kuumaliza hupewi shahada, China, Urusi na Uturuki sita. Usidhani mwaka wa mazoezi ulioufanya huko unafuta utarajali wa hapa. Liandikie Baraza, upate jibu la maandishi, ulihifadhi.

Sasa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, na ambalo kwenye vipeperushi halipo kabisa: lugha ya mgonjwa.

Miaka miwili ya mwanzo ya udaktari inafanana karibu kila mahali. Anatomia ni ileile, fiziolojia ni ileile, vitabu ni vilevile. Tofauti inaanza mwanafunzi anapoingia wodini. Muhimbili, kwenye jengo la Mwaisela au la Kibasila, mwanafunzi anasogea kitandani na kuanza: shikamoo mama, pole na kuumwa. Tumbo limeanza kuuma lini? Nioneshe kwa kidole linapouma. Linachoma au linanyonga? Ukila linatulia au linazidi? Choo kikoje, kuna damu, ni cheusi? Mama anajibu, anasita, anakumbuka dawa aliyopewa na jirani, anaitaja kwa rangi ya kidonge. Mwanafunzi anaandika yote. Kesho yake asubuhi kwenye raundi anaeleza habari za mgonjwa huyo mbele ya bingwa, anabanwa maswali mpaka jasho linamtoka, na ugonjwa ule hausahau tena. Sehemu kubwa ya kuutambua ugonjwa inatoka katika mazungumzo hayo, kabla hata ya kipimo.

Mweke mwanafunzi huyohuyo katika wodi ya mji wa mkoani China au Urusi. Darasani anafundishwa kwa Kiingereza. Mgonjwa hajui Kiingereza, nesi hajui, na faili limeandikwa kwa maandishi ambayo mwanafunzi anayasoma kwa kubahatisha. Profesa anazungumza na mgonjwa kwa muda mrefu, anageuka, anawaeleza wageni kwa sentensi tatu, na kundi linasonga kitanda kinachofuata. Hakuna aliyemwonea kijana huyu. Mgonjwa naye ana haki ya kuhojiwa na mtu anayemwelewa. Lakini akimaliza miaka yake anakuwa amewatazama wagonjwa wengi na kuwahudumia wachache sana.

Ndiyo maana naamini, na najua wengi hawapendi kusikia, kwamba kozi ya udaktari ya Kiingereza katika nchi isiyozungumza Kiingereza si unafuu kama inavyouzwa. Aliyepoteza mwaka mzima wa kwanza akijifunza Kirusi, kisha akasoma udaktari wote kwa Kirusi, ana nafasi nzuri zaidi ya kutoka daktari kuliko aliyeruka mwaka huo. Chuo cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kinachobeba jina la Patrice Lumumba, kimewapitisha Waafrika wengi kwa utaratibu huo wa mwaka wa lugha. Cuba hivyohivyo: anayesoma udaktari Havana anausoma kwa Kihispania, na wagonjwa anaokutana nao wanazungumza Kihispania. China, hata kozi iwe ya Kiingereza, kuna ngazi za mtihani wa Kichina, HSK, za kupanda. Mwanafunzi mwenye akili hazipandi kwa ajili ya cheti, anazipanda ili aweze kumuuliza mgonjwa tumbo limeanza kuuma lini.

Jambo hili linakwenda pamoja na magonjwa yenyewe. Tanzania inakadiriwa kuzaa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Tuna malaria, kifua kikuu, na akina mama wanaofikishwa na kifafa cha mimba. Fikiria usiku wa kwanza wa zamu kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana au Temeke au Mwananyamala. Mama analetwa anatetemeka, povu mdomoni, ndugu wanalia mlangoni. Anayejua kupima dozi ya magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, kwa sababu amesimama pembeni ya kitanda kama hicho akiwa mwanafunzi ni mtu tofauti na anayeikumbuka kutoka ukurasa wa kitabu. Aliyesoma mbali hakosi akili, anakosa kuona. Kama umeshaamua kwenda mbali, tumia likizo ndefu kurudi na kuomba kufanya mazoezi kwenye hospitali za hapa, kila mwaka utakaoweza.

Kwa sababu hiyo hiyo, familia inayotafuta nje ingeanza kupima Uganda kabla ya kufikiria safari ya ndege ya muda wa saa kumi. Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka 1924, pale Mulago. Magonjwa ya Uganda ndiyo yetu, walimu wanafundisha na kuandika kwa Kiingereza, na mabaraza ya madaktari ya nchi za Afrika Mashariki hufanya ukaguzi wa pamoja wa vyuo vya udaktari vya jumuiya. Usichukulie tu kwamba kila kampasi imepita, uliza Baraza kuhusu kampasi ileile unayotaka. India nayo ina sifa yake: hospitali zimejaa wagonjwa, mafaili ni ya Kiingereza, walimu wanazungumza Kiingereza. Mgonjwa wa Karnataka atakujibu kwa Kikannada na wa Gujarat kwa Kigujarati, lakini walau kati yako na mwalimu hakuna ukuta.

Ujerumani inatajwa sana siku hizi kwa kuwa vyuo vyake vingi vya serikali, ukiacha vya jimbo la Baden-Württemberg na vingine vichache, havitozi ada kwa wageni. Ni kweli. Ila udaktari unasomwa kwa Kijerumani cha ngazi ya juu, ushindani wa nafasi ni mkali mno, na mwombaji wa viza huonesha fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu, euro 11,904 kwa mwaka kuanzia Septemba 2024. Hiyo ni njia ya kijana aliyejiandaa miaka miwili mbele, haiwezi kuamuliwa Julai.

Kuna chanzo kimoja cha taarifa ambacho Watanzania wachache wanakitumia. Wahindi wengi sana husoma udaktari China, Urusi, Kyrgyzstan, Ufilipino na kwingineko, na wakirudi kwao lazima wafanye mtihani uitwao FMGE. Waliofaulu mara nyingi hawafiki nusu ya waliofanya. Bodi ya mitihani ya India imewahi kuchapisha matokeo hayo kwa nchi na kwa chuo kimojakimoja. Kipeperushi ulichopewa Mnazi Mmoja huenda ni cha mojawapo ya vyuo hivyohivyo. Tafuta jina lake humo uone wenzenu walivyofanya. Mtihani wao si wetu, lakini unapima elimu ileile, na takwimu hizo hazikuandikwa na mtu anayelipwa kwa kichwa cha mwanafunzi.

Kuhusu fedha, ada nyingi za nje zinatajwa kwa dola na mshahara wa mzazi ni wa shilingi. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kufikia Septemba 2024 ilikuwa imepita 2,700. Ada ya dola 4,000 ikahama kutoka milioni 9.2 hadi milioni 10.8 bila chuo kupandisha hata senti. Weka juu yake hosteli, bima, kupima afya na kuongeza viza kila mwaka, nguo za baridi, na tiketi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa kawaida ni wa walio kwenye vyuo vya ndani, kwa hiyo usiuhesabu. Nimeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya mwaka wa kwanza zikiamini wa pili utajulikana mbele ya safari. Mwaka wa tatu, pale mwanafunzi anapoingia wodini, ndipo fedha zinapokatika. Kama huoni fedha za miaka yote, hata kwa makadirio, usianze. Ufadhili wa serikali za China, Urusi na Algeria hutangazwa kupitia Wizara ya Elimu, na huko huombi kupitia wakala wala humlipi mtu.

Halafu kuna yale yasiyotabirika. Machi 2020 China ilifunga mipaka kwa sababu ya korona, na wengi wa wanafunzi wa kigeni waliokuwa nje hawakuanza kurudi mpaka 2022. Zaidi ya miaka miwili ya udaktari ikasomwa kwenye simu, na mabaraza ya nchi mbalimbali yakagoma kuhesabu wodi ya mtandaoni kuwa wodi. Februari 2022 vita viliwakuta Watanzania Ukraine. Aprili 2023 vikawakuta wengine Khartoum, wakarudishwa nyumbani. Mwaka huohuo chuo kimoja cha udaktari cha Khartoum kikaleta wanafunzi wake wamalizie mafunzo ya vitendo hapa Dar es Salaam, Muhimbili, jambo jema la kujivunia. Huwezi kutabiri vita. Unaweza kumuuliza msajili wa chuo, kabla ya kulipa, kama mwanafunzi akihama katikati anapewa matokeo yake ya kila somo na mtaala wenye saa, kwa Kiingereza na kwa muhuri. Omba nakala hizo kila mwisho wa mwaka, zipige picha, zitume nyumbani. Walioondoka Ukraine wakiwa na karatasi hizo mkononi walikuwa na pa kuanzia.

Kwa anayetaka kubaki nje, hesabu ni nyingine. Marekani utapita mtihani wa leseni uitwao USMLE, ambao sehemu yake ya kwanza tangu Januari 2022 hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu, kisha ushindane kupata nafasi ya mafunzo hospitalini. Uingereza utapita mitihani ya GMC. Nchi uliyosomea yenyewe inaweza kukutaka mtihani wa leseni kwa lugha yake. Angalia masharti hayo leo, kwenye tovuti ya mamlaka husika, kabla hujachagua chuo.

Na kwa ambaye alama hazikutosha, zipo njia za hapahapa ambazo aibu ya mtaani inawafanya watu wazipite. Kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea ni mwaka mmoja. Stashahada ya utabibu ni mitatu, inakupa kazi, na mwenye matokeo mazuri anaweza kuomba MD kwa sifa hiyo. Mtabibu anayeingia darasani MUHAS, yaani chuo kikuu cha Muhimbili, au Kairuki au Bugando ameshashika wagonjwa wengi kabla ya kufungua kitabu cha anatomia, na inaonekana wodini.

Hamu ya kwenda nje inaweza kusubiri ubingwa. Aliyemaliza MD hapa na utarajali wake ana leseni mfukoni, anajua anachotaka kubobea, na anapoenda India, Afrika Kusini au Uturuki anakwenda kujifunza upasuaji wa moyo au tiba ya saratani akiwa tayari ni daktari. Anayetaka upasuaji ana hata chuo cha wapasuaji cha COSECSA, chenye makao yake Arusha, kinachomfundisha akiwa kazini kwenye hospitali iliyokubaliwa, na kwa njia hiyo hahitaji viza.